Kengele ya Chumba cha Chanjo

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, mtunza stoo wa hospitali alifungua chumba cha chanjo akapokewa na joto. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kuwa joto lilivuka kiwango saa nne kamili usiku. Dozi mia nane zilikuwa zimeharibika, na kengele haikulia.

Inspekta wa polisi, mwanamke mfupi asiyependa kuharakishwa, alifika saa mbili kasorobo. Mzee wa stoo alishaanza kutuhumiwa kuizima kengele. Aliapa hajui hata swichi ilipo. Saa mbili kamili, wakiwa bado wanamhoji, kengele ikalia. Wote wakashtuka, isipokuwa Inspekta, aliyetazama saa yake na kuandika.

Ndipo muuzaji wa mitambo, aliyeifunga kompyuta ile, akaja na karatasi. Alisema programu ya kengele iliandikwa na Mama Pacha, fundi wa maabara hapohapo hospitalini, akaiweka mtandaoni bure. Masharti yake yalikuwa pale: tumia, badilisha, hata uza; inatolewa kama ilivyo, bila dhamana, na hasara ikitokea mwandishi hatawajibika.

Mganga mkuu akawaka. Mtu asiye na hatia, aliuliza, anajitetea mapema ya nini? Akamwambia Mama Pacha akusanye vyake. Kabla ya adhuhuri hana kazi. Mama Pacha, mjane anayesomesha watoto wawili, alisimama mlangoni.

Inspekta alimwonea huruma, lakini huruma si ushahidi. Akaomba nakala ya mtandaoni, akaisoma mstari kwa mstari kando ya ile ya stoo. Kisha akamgeukia muuzaji.

"Ulibadilisha chochote humu?"

"Hata herufi moja. Niliiweka kama nilivyoipokea."

"Karatasi hii umeitoa wapi?"

"Ilikuja na programu yenyewe."

"Basi tusomee sharti la kwanza, kaka."

Muuzaji akasoma, sauti ikimpungua: jina la mwandishi na masharti haya yabaki katika kila nakala.

"Kwenye mashine hii hayamo," Inspekta alisema. "Limo jina la kampuni yako. Yamejifuta?"

Njia ya mwongo ni fupi. Inspekta akaonyesha tofauti ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho. Mama Pacha aliandika kengele isubiri dakika kumi baada ya joto kuvuka kiwango, ndipo ilie. Ya stoo ilisubiri dakika mia sita, yaani saa kumi nzima: tangu saa nne usiku mpaka saa mbili asubuhi.

Muuzaji akakiri kwamba kila kengele ilipolia aliitwa aje, akachoka, akaurefusha muda wa kusubiri. Chanjo zilipoharibika, akamtafuta wa kumbebesha.

"Ruhusa ya kubadilisha ulikuwa nayo," Inspekta alimwambia. "Ila anayegawa kisu bure hawajibiki kwa makosa ya aliyekwenda kukinoa upya. Ulichobadilisha ni chako, na uongo uliowaambia polisi pia ni wako."

Mganga mkuu akasimama, akamwomba radhi Mama Pacha mbele ya wote, na kumkabidhi mitambo yote ya kengele. Wauguzi wakapiga makofi mpaka korido ikaitika. Mama Pacha alikuwa analia na kucheka pamoja, wala hakujificha.

Muuzaji alipopitishwa mbele yake chini ya ulinzi, Mama Pacha alimsimamisha.

"Programu bado ni ya bure, kaka," alisema. "Hata wewe sikunyimi. Jina langu tu uliache lilipo."