Mafiga ya Mama Kabiru

Rafiki yangu Mwanzia, fundi wa Kibera, si mtu wa kutia chumvi. Mchana mmoja alienda Gatina kubomoa jiko kuukuu la marehemu Mama Kabiru, ghorofa lijengwe.

"Mathe hakuwahi kuacha moto wake uzime," Kabiru, mwanawe, alimwambia, akibaki nje. "Lakini tangu tumzike, miaka sita, hakuna mtu amepika hapa. Anza na hayo mafiga."

Ndani, giza la masizi. Mwanzia alipoinamia mawe yale matatu, alisikia mtu akipuliza. Fuu... fuu... Ndani ya majivu, kaa likawa jekundu.

"Fundi, kwani unapika? Naona moshi!"

Mwanzia akalimwagia maji yake ya kunywa. Kaa likazima.

Fuu... fuu... Sasa pumzi ilikuwa kisogoni mwake, yenye joto, taratibu, kama ya mtu anayechochea moto.