Waya Mwekundu wa Anselmo Llanque

Kaka yangu Zenobio ni fundi umeme wa magari. Karakana yake iko nyuma ya stesheni ya zamani ya reli, hapa mjini Oruro, na mbele ya karakana hiyo ndipo ninapouzia uji wangu wa mahindi ya zambarau na maandazi ya jibini. Kwa hiyo yaliyompata mke wake, Delfina, sikuletewa na wambea. Niliyaona kwa macho yangu, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Aliyetuuzia gari ni Anselmo Llanque, mtu wa upande wa pili wa mji. Tulimjua kwa msiba wake. Mwaka uliotangulia alimzika mkewe, Casilda, aliyezama katika ziwa la chumvi la Uru Uru. Anselmo alikuwa akisimulia jinsi gari lake la bluu lilivyoteleza kwenye matope ya kando ya ziwa likaingia majini, yeye akachomoka, mke akashindwa kufungua mlango. Gari lenyewe, alisema, alishaliuza chuma chakavu. Alikuwa akisimulia huku analia, na sisi wajinga tukilia naye. Siku ya kuwapokea wafu, roho zinaporudi kula na jamaa zao, nilimpelekea mikate, mikate niliyoikanda kwa mikono hii, na akaila.

Gari alilotuuzia lilikuwa jeupe, la Kijapani, la mtumba, mojawapo ya yale yanayoingia nchini yakiwa na usukani upande wa kulia. Sisi huku usukani tunauweka kushoto. Mafundi huung'oa wakauhamisha, pamoja na pedali na saa zote za dashibodi. Nyaya hazifiki, kwa hiyo hukatwa, huungwa vipande, na kupitishwa nyuma ya dashibodi. Kila aliyewahi kulimiliki gari la namna hiyo ameacha mkono wake humo ndani.

"Uhamisho huu nimeufanya mwenyewe," Anselmo alimwambia Zenobio, akipapasa boneti. "Linakwenda kama maji. Ila nyaya zangu usizipekue, fundi. Ukizigusa utalia."

"Mzee wangu, mimi hulizwa na kitunguu tu," Zenobio akamjibu, na wakapeana mikono.

Ijumaa yake tulilinywesha. Gari likiingia kwenye familia huvikwa maua na karatasi za rangi, kisha aliyeuza na waliolinunua hulizunguka wakimwaga bia kwenye magurudumu yote manne, Mama Ardhi apate sehemu yake. Anselmo alimwagia gurudumu la mbele kushoto, la nyuma kushoto, la nyuma kulia. Hapo akasimama. Akaweka chupa chini na kusema kiuno kinamuuma.

"Limebaki moja," nikamwambia.

"Malizieni nyinyi."

"Hicho kiuno kimesubiri mpaka hatua mbili za mwisho ndipo kianze kuuma?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele cha kulia, kiti kitupu, na alikuwa akikitazama kama anayengoja kijibu.

Wifi yangu Delfina hapendi ugomvi. Akajaza bilauri, akanywa nusu, nusu iliyobaki akaimwagia gurudumu lile na mlango wa juu yake. Kwetu ukigawana bilauri na mtu, umemkubali awe mwenzako. Delfina alidhani anagawana na Mama Ardhi. Anselmo aliondoka bila kumuaga yeyote.

Delfina akaanza kusafiri na mumewe kwenda minadani kununua viazi. Alikaa kiti hicho cha kulia, angekaa wapi kwingine. Safari ya kwanza alirudi akanivuta nyuma ya jiko langu na kuninong'oneza.

"Wifi, hebu shika kiatu changu."

Nikakishika. Kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Mmevuka mto?"

"Hatujavuka chochote. Barabara nzima ni vumbi."

Nilivianika vyote viwili juani. Vilipokauka vilibaki na ukoko mweupe. Niliugusa kwa ulimi. Ilikuwa chumvi.

Safari iliyofuata mlango ulikataa kufunguka, ikabidi Delfina atokee upande wa dereva. Zenobio alisema kitasa kimechakaa, atakipaka grisi. Mimi nilisema mengine, na nikaambiwa nina kisirani.

Kisha ikaja mchana ule. Jua la huku milimani lilikuwa kali, mtaa umejaa, wateja wangu wanasubiri maandazi. Gari limeegeshwa mbele ya karakana, injini imezimwa, Delfina amekaa ndani anachambua maharage mapajani. Zenobio alikuwa ameingia kutafuta koleo. Nikasikia mlio mdogo. Tak. Mlango wa kulia ulikuwa umejifunga.

Sikujali. Nikageuza andazi. Nilipoinua macho vioo vya gari vilikuwa vimeingia ukungu, vyote, na kiganja cha Delfina kilikuwa kimebandikwa kwenye kioo. Alikuwa anafumbua mdomo. Sauti haikutoka. Akapiga kioo. Akapiga tena, taratibu, kama mtu anayepiga chini ya maji. Nywele zake zilikuwa zimesimama juu ya kichwa chake. Zilikuwa zinaelea.

Nilivuta mlango. Haukusogea. Zenobio akavuta mwingine. Haukusogea. Nikachukua jiwe langu la kusagia pilipili na kuvunja kioo.

Ndani kulikuwa kukavu. Maharage yalikuwa makavu. Tulimvutia dirishani, akaanguka magotini na kutapika maji, ndoo nzima ya maji ya chumvi yenye matope meusi. Alipopata pumzi alisema neno moja tu, kwa kunong'ona. "Amenishika."

"Nani?"

"Hataki kunidhuru. Anashika chochote kilicho karibu. Anatafuta mlango."

Nilitaka lichomwe moto pale pale. Zenobio akakataa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na si kwa hofu. "Kitasa hakijifungi chenyewe," akasema. "Kuna kitu kinakifunga. Nitaufuata waya mpaka mwisho wake, dada, hata ukiishia kuzimu."

Tulilisukuma gari hadi ndani ya karakana. Akachomoa betri, akaiweka chini kando ya miguu yangu, mita nzima kutoka kwenye gari. Akang'oa dashibodi. Nyuma yake kulikuwa na msitu wa viungo vya kienyeji, tepu juu ya tepu, na humo katikati waya mmoja uliotofautiana na nyaya nyingine zote. Ulikuwa mwekundu na mnene, umeungwa kwa ustadi. Tuliufuata kwa vidole kuanzia kwenye fyuzi. Ulishuka kushoto, chini ya usukani, mpaka kwenye swichi ndogo nyeusi iliyofichwa pale goti la dereva linapogusa. Swichi ilikuwa na pembe iliyomeguka. Kutoka hapo waya ulivuka gari lote kwenda kulia, ukaingia ndani ya mlango.

Zenobio aling'oa ubao wa mlango. Ndani, ambako rangi mpya haifiki, bati lilikuwa la bluu. Chini kabisa palikuwa na matope makavu yenye chumvi. Waya mwekundu uliingia kwenye mota ya kufuli. Ule wa kuteremshia kioo ulikuwa umekatwa. Na ufito wa chuma unaounganisha kishikio cha ndani na kitasa ulikuwa umekatwa kwa msumeno, ncha zake zikapigwa tupa zisikwaruze. Mtu alikuwa ametulia akazipiga tupa.

Kwenye ncha mojawapo palikuwa pamenasa nyuzi za matamvua ya shali ya mwanamke, zimekazwa kama zilizovutwa na mtu kwa nguvu zake zote.

Zenobio alikaa chini sakafuni. "Dereva anagusa kwa goti," akasema polepole. "Mlango wa kulia unajifunga. Kioo hakishuki. Kishikio hakishiki kitu. Yeye anatoka."

Niliwaza mikate yangu. Niliwaza machozi ya mtu yule, jinsi alivyokuwa akiyafuta kwa leso safi iliyopigwa pasi. Sijawahi kumchukia binadamu namna ile, na sidhani kama kuna aliyestahili zaidi.

"Mbona waya bado uko hai?" nikasikia Zenobio akinong'ona.

Alikuwa ameshika testa, ile yenye kibalbu kinachowaka penye umeme, na ncha yake imegusa waya mwekundu. Kibalbu kilikuwa kinawaka. Nikatazama chini. Betri ilikuwa kando ya miguu yangu.

Ndipo nikauona uzi. Mahali waya ulipoingia mlangoni hapakuzungushwa tepu. Palizungushwa uzi wa sufu, mweusi na mweupe, mafundo kwa mafundo, na kutoka hapo uzi ukashuka kwenda kufunga chuma cha chini ya kiti. Mimi nimesokota sufu tangu sijaota meno ya pili. Uzi wa nguo husokotwa kwenda kulia. Huu ulikuwa wa kushoto. Uzi wa kushoto hutengenezwa kwa kazi moja tu huku kwetu, kuwafunga wafu miguu ili wabaki walipowekwa.

Haikumtosha kumuua Casilda. Alimlipa mchawi amfunge pale pale kwenye kiti, asije akamfuata nyumbani, kisha akalipaka gari rangi nyeupe na kutuuzia sisi tumbebe.

"Tukiufungua atatoka," Zenobio akasema. "Hatujui atakwenda wapi."

Delfina alikuwa amejifunika blanketi mlangoni pa karakana. "Nimekunywa naye," akasema. "Mfungulieni."

Sikutumia mkasi. Nilifungua fundo moja moja, nikiusokotoa uzi kwenda kulia mpaka ukabaki sufu tupu mkononi. Kibalbu kikazimika. Mlango, usio na ubao wala kishikio, ukafunguka mpaka mwisho. Hapakuwa na upepo.

Kisha zikatokea nyayo. Za viatu vya kike, vidogo, vya bapa. Moja ya maji kwenye saruji. Nyingine. Nyingine mbele yake. Zilipita kati yangu na Zenobio, zikapita kando ya Delfina, zikasimama hapo kidogo. Kisha zikavuka mtaa.

Nilivua aproni, nikachomoa ile swichi, nikamwambia Zenobio twende.

Anselmo tulimkuta mbele ya nyumba yake, anapangusa pikapu mpya kabisa, ya kiwandani, usukani kushoto tangu kuzaliwa. Nilimtupia swichi kifuani. Ikaanguka vumbini.

"Unaijua hiyo?"

Hakuitazama. Alikuwa akiitazama sufu iliyoning'inia mkononi mwangu, na midomo yake ikawa ya kijivu. "Mmefungua uzi?" akanong'ona. "Nani amewaambia mfungue uzi?"

Hakuuliza swichi gani. Hakuuliza imetoka gari gani.

"Alikuwa anagonga kioo, Anselmo," nikasema. "Ulisimama ufukweni ukamsikiliza, mpaka akaacha. Kisha ukala mikate yangu."

Zenobio alimkamata kola ampeleke kituoni. Anselmo akajichomoa, akaacha koti mikononi mwa kaka yangu, akarukia pikapu na kuiwasha. Alipokata kona nilimwona vizuri kwa kioo cha nyuma. Kichwa chake upande wa kushoto. Upande wa kulia, kofia ya duara, ile wanayovaa wanawake wa huku.

Walimkuta jioni hiyo kwenye barabara ya kusini, mbali na maji yoyote, pikapu imesimama katikati ya vumbi. Milango ilikuwa imejifunga, askari wakashindwa kuifungua, wakamwita fundi umeme wa karibu wanayemjua. Wakamwita kaka yangu. Alipoifungua, Anselmo alikuwa ameketi kitini, nguo kavu, kucha zimevunjika, na mapafu yake, daktari alisema baadaye, yalikuwa yamejaa maji ya ziwa.

Askari walimtaka Zenobio aikague pikapu kama imechezewa. Aliufuata kila waya kuanzia kwenye betri. Zote zilikuwa za kiwandani, hakuna hata kiungo kimoja. Lakini chini ya usukani, pale goti la dereva linapogusa, palikuwa na swichi ndogo nyeusi yenye pembe iliyomeguka. Nyuma yake hapakuwa na waya.

"Uliwaambia?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini, dada? Waya hakuna."

Delfina hakukubali gari letu lichomwe wala liuzwe. Zenobio ameutoa waya mwekundu, ameweka ufito mpya na kioo kipya, na mlango wa kulia hufunguka vizuri kuliko milango mingine yote. Kila Ijumaa wifi yangu hujaza bilauri ya bia, huiacha juu ya dashibodi upande huo, na kufunga gari kwa ufunguo ambao hulala nao. Jumamosi asubuhi mimi ndiye ninayeosha vyombo. Bilauri naikuta nusu, na ukingoni ina alama ya mdomo, nyeupe, ya chumvi.