Utepe Uliozikwa na Gaspard

Haya alinisimulia rafiki yangu Thibault, mrekodi sauti za filamu katika studio za Joinville. Gaspard, dereva wa mashindano aliyekuwa kama ndugu yake, alipokufa kwa ajali, Thibault aliuweka jenezani kwa mkono wake utepe aliorekodia mngurumo wa gari la bluu la marehemu. Mjane ndivyo alivyotaka, sauti ile isichezewe na mtu.

Mwaka uliofuata akaenda sinema, mchana, kutazama filamu aliyoihariri Raoul, mwenzake kazini kwa miaka kumi na miwili. Kwenye skrini kilipita kigari cha kawaida, lakini mngurumo ulikuwa wa gari la Gaspard, pamoja na kile kikohozi chake kila gia iliposhushwa. Thibault alitoka hata koti akalisahau.

"Umemwibia maiti," alimwambia Raoul studioni.

"Nilinakili tu, bwana, wiki moja kabla hajafa. Kile kigari kinalia kama cherehani, ningefanyaje? Sote tunabandika sauti."

"Na mkewe ulimpa mkono makaburini. Uweke huo utepe niusikie wote, kisha nautia moto."

Raoul akazima taa, kama walivyozoea wakisikiliza. Gari likaja, likakohoa, likapita, likazimwa. Thibault akanyoosha mkono auchomoe utepe.

"Ngoja," Raoul akanong'ona. "Hii sehemu haikuwepo."

Gizani ukasikika udongo ukidondoka juu ya mbao, koleo baada ya koleo. Kisha, chini ya mbao zile, injini ikakohoa.