Kishale Kisichoshikwa na Mtu

Saa kumi na mbili jioni, wenzake walipokuwa wakifunga madirisha, mchapaji alibaki kwenye kiti chake akimsubiri fundi wa kompyuta.

Alikuwa haoni tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za vikao na kuzichapa, na kompyuta ilimsomea kwa sauti kila alichoandika. Lakini wiki ya tatu sasa sauti hiyo ilikuwa imeingiwa na wazimu. Akiandika hiki, yenyewe inasoma kile, vitu vya pembeni ya skrini ambavyo hakuviomba. Mchana ule Bosi alimwambia mbele za watu, bila hata kupunguza sauti:

"Ripoti niikute mezani asubuhi. Mashine ikikushinda, mpwa wangu yuko nyumbani tu, atakaa yeye."

Fundi aliingia akihema kwa ngazi.

"Pole, dada. Tatizo lako dogo kama sisimizi. Programu yako inasoma chochote kilicho chini ya kishale cha mausi. Mausi ikisukumwa na karatasi tu, inaropoka."

"Mimi mausi situmii. Natumia vitufe."

"Ndiyo maana umeisahau hapa nyuma ya mafaili."

Akaichomoa. Akaizuia programu isifuate tena kishale. Akaizima mashine, akaiwasha.

Kimya.

"Umeona? Aa, samahani... umesikia?"

Wakacheka wote wawili. Mchapaji alikuwa hajacheka wiki nzima.

Ndipo sauti ikasema, polepole: "Pipa la taka."

Kicheko kikamkauka fundi. "Hebu toa mikono mezani, dada."

"Nimeikunja mapajani."

"Zilizofutwa," ikasema sauti.

Kukaanza kunuka dawa ya kuchua. Kali, ya kuwasha pua. Mchapaji aliijua harufu ile. Mama Mkubwa, mchapaji wa zamani, naye asiyeona, alijipaka vidoleni kila asubuhi kabla ya kazi. Ndiye aliyemfundisha kibodi, kitufe kwa kitufe, akimshika kidole kama mtoto. Miezi mitano iliyopita aliachishwa kazi. Wiki tatu zilizopita walimzika.

"Kaka... mausi umeiweka wapi?"

"Iko mfukoni mwangu," fundi akanong'ona. "Na kishale kinatembea."

Sauti ikaanza kusoma.

"Kwa Bosi. Naandika kwa uchungu. Mama Mkubwa vidole vimemwisha. Makosa yake nayasahihisha mimi kila siku. Kiti chake nakiweza."

Mchapaji alihisi uso ukimwaka moto. Barua ile aliiandika yeye, akaituma, akaifuta. Na hakuwahi kusahihisha kosa hata moja la yule mama.

"Dada, hii mimi sikuisomea," fundi akasema. Akaondoka bila kudai chochote, na viatu vyake vikasikika vikiruka ngazi mbili mbili.

"Sambaza," ikasema sauti. "Kwa: Mapokezi."

Mapokezi alikaa binti wa Mama Mkubwa.

"Tuma. Kitufe."

Mkono wake ukaenda kwenye waya wa umeme, ukasita. Akichomoa, hakuna ripoti. Bila ripoti, hakuna kiti.

"Mama Mkubwa," akanong'ona, "nihurumie."

"Tuma. Kitufe."

Kishale hakikubonyeza. Kilikuwa kinamsubiri yeye.

"Tuma... Kitufe... Tuma..."

Akabonyeza.

Harufu ikakatika kama taa inavyozimwa. Mashine ikawa mpole, ikamsomea neno kwa neno alichoandika. Alimaliza ripoti akalala hapo hapo, kichwa mezani.

Asubuhi Bosi aliigonga ripoti kwa kidole. "Safi. Kiti ni chako."

Siku nzima alisubiri hatua mlangoni. Zilikuja jioni, ofisi ikifungwa.

"Barua yako nimeipata," alisema binti wa Mama Mkubwa.

"Nisamehe, mdogo wangu. Sikujua nitaanzia wapi kukwambia."

"Hii ni ya pili."

"Ya pili vipi?"

"Ya kwanza ilinifikia siku tunamzika mama. Ilitoka kwenye mashine hii hii."

"Siku ile ofisi ilifungwa! Wote tulikuwa makaburini."

"Najua. Niliisoma kwenye simu, huku mkono mwingine nimekushika wewe usijikwae."

Wiki tatu nzima binti huyu alikuwa amemvusha barabara kila jioni, akimwuliza habari za watoto.

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka niione uliyoituma mwenyewe. Nimeiona. Kuanzia leo barabara vuka peke yako."

Alisimama ukingoni mwa lami peke yake. Magari yalipita yakimpuliza sketi. Akaita, "Jamani, kuna mtu hapo?" Hakujibiwa.

Halafu mkono ukamshika kiwiko, taratibu.

"Asante, mwenzangu. Ni nani?"

Mkono ukamwongoza akashukia kwenye lami. Hatua moja. Mbili. Tano. Magari yakivuma kushoto, yakivuma kulia.

Katikati ya barabara, harufu ya dawa ya kuchua ikampanda puani, na mkono ukamwachia.