Kigoda Langoni

Mimi ni Frederick, mwana wa Ntare, mjukuu wa Nahimana, watu ambao neno lao halikutiliwa shaka barazani. Polisi walipoingia uani kwangu Kagarama asubuhi ile, nilidhani ardhi imepasuka.

Gwiza, yatima wa miaka sita aliyeishi kwetu na ambaye binti yangu Ariane aliomba kumwasili, alikuwa ametoweka. Kesi ilikuwa saa nne. Sheria mpya inamtaka hakimu amsikie mtoto mwenyewe. Asipofika, ombi halisikilizwi.

Karibu na lango palikuwa na kigoda changu kizito cha sebuleni, na kando yake kikombe cha maziwa yaliyonywewa nusu.

Mwanangu Norman, aliyesema amekuja mbio kutoka ghalani kwake Masoro, alimnyooshea kidole Clovis, mjomba wa mtoto aliyekuwa amefika kwa ajili ya kesi; alikuwa amekulia Bujumbura na kulipinga ombi hilo waziwazi.

Inspekta Mukunde alimhoji. “Ulimpa maziwa ili akufuate?”

“Afande, mimi niko nadai damu ya dada yangu, siko naiba!”

“Na kigoda?”

“Cha nini? Sisi maziwa tunakunywa hata tukipanda mlima!”

Mukunde alijaribu kukiinua kigoda kwa mkono mmoja, akashindwa. Akanigeukia.

“Muzehe, nani hapa anakataza mtoto kunywa maziwa amesimama?”

“Mimi,” nilijibu kwa fahari. “Maziwa yana heshima yake. Wanangu wote wawili niliwafunza kwa fimbo.”

“Ariane alikuwa wapi?”

“Chumbani kwangu, tukisali rozari.”

“Na wa pili?”

Nilimgeukia Norman.

“Norman,” Mukunde alisema taratibu, “mwizi alikuwa na haraka, lakini alimletea mtoto kiti kwanza. Mtoto asingeweza kukibeba, na mtu asiyelelewa hapa asingejisumbua.”

“Nilikuwa Masoro tangu alfajiri!”

“Mpigie msimamizi wako, nimsikie.”

Norman hakuigusa simu.

“Mtoto yuko Kabeza, dukani kwa rafiki yangu. Hajaumia,” alisema hatimaye. “Baba, akiasiliwa atarithi fungu la Ariane! Kiwanja cha Babu kigawiwe mtoto wa watu?”

“Babu yako angekuvua jina lake,” nilimwambia. “Panda gari la polisi.”

Polisi walimleta Gwiza mahakamani, na saa nne hakimu alimwuliza anataka kuishi wapi.

“Kwa Muzehe,” alijibu. “Maziwa yangu yamebaki.”

Clovis aliinamisha kichwa, akaliondoa pingamizi lake.

Vijana, sikieni! Adabu niliyomfunza mwanangu ilikaa mikononi, haikufika moyoni. Atakayemfukuza mtoto kwa ajili ya kiwanja, asijitambulishe popote kwa jina la Ntare.