Mama Mkwe na Maji ya Moto

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi bomba, na mpaka leo ukimpa maji ya vuguvugu anageuza uso.

Aliitwa kwenye nyumba moja akatazame hita ya bafuni. "Naiteremsha mpaka nyuzi hamsini tupunguze umeme," mama mwenye nyumba akalalamika, "lakini kila asubuhi naikuta sabini. Marehemu mama mkwe ndiye aliyekuwa hataki maji yasiyobabua."

"Swichi imelegea tu, dada," fundi akacheka. Akafanya kama afanyavyo siku zote: akakinga matone ya maji kiganjani, akayapuliza yapoe, akayaonja kama yana kutu. Yalikuwa na chumvi ya jasho na utelezi wa sabuni. Akameza bila kutaka.

Akateremsha hita hadi hamsini. Mle ndani ya tangi, gizani, kukaanza kusikika kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayesugua visigino.

Akafungua koki ya chini haraka. Yakatoka maji ya kijivu, mazito kwa nongo, yananuka kikwapa.

"Mungu wangu!" yule mama akaziba mdomo. "Na wanangu wanasukutulia haya!"

Tangi likakauka. Kwaru, kwaru haikukoma.

Fundi akakimbilia nje kutapika, kisitoke kitu. Kooni kulikuwa kunamwasha. Akaingiza vidole, akanasa unywele mrefu, mweupe, wenye povu. Akauvuta, ukaja. Akauvuta tena, ukaja.

Mara ya tatu, kule tumboni, kitu kikauvuta kurudi.