Kiti cha Mama

Asubuhi Kibibi alikuwa na misuko tisa kichwani. Baada ya chai alikuwa na kumi.

Mtu mwingine asingeona, ila mama yake kuona ndiyo ilikuwa kazi yake. Katika tamthilia ile ya familia iliyohama jiji kwenda kuishi mji mdogo, yeye aliandika kila kitu kilivyokaa, kikombe kilielekea wapi, kola ilikunjwaje, ili picha ya leo isiikane ya jana. Wenzake walimwita Bi Daftari. Kibibi, bintiye wa miaka minane, aliigiza mtoto wa familia hiyo.

"Nani kakusuka?"

"Mama."

"Mama ni mimi."

Mtoto alikitazama kiti cha mbao kilichokuwa kando ya meza. Jikoni palinuka nywele zilizoungua.

Hapo Bi Daftari akakumbuka. Jana mwigizaji wa mama alishikwa na homa, hakufika. Mwongozaji, mtu asiyekubali siku impotee, akaamua wapige picha upande wa mtoto peke yake, aseme maneno yake akikitazama kiti kitupu. "Mama, kaa hapa na mimi. Usiondoke tena." Wakamfanya arudie mara nane, jikoni humu humu, ndani ya nyumba waliyoipanga kwa kazi hiyo, iliyokaa miaka bila mtu. Mara nane mtoto akakibembeleza kiti, mpaka machozi ya kweli yakamtoka, na wao watu wazima na akili zao wakampigia makofi. Mgeni gani angekataa mwaliko ule?

Alimfuata mwongozaji ukumbini, akamweleza. Mwongozaji alitazama mlango wa jikoni kabla ya kujibu.

"Sema polepole," alinong'ona. "Mpiga picha naye kakisikia kile kiti kinalia, na hakuna aliyekikalia. Tumalize leo, kesho tutafute mganga."

"Kesho mwanangu atakuwa wa nani?"

Hakungoja jibu. Alipoingia jikoni, Kibibi alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, macho kafumba, na misuko yake ilikuwa ikiinuka mmoja mmoja bila mkono wa mtu. Bi Daftari aliogopa, tena sana, lakini hasira ilikuwa imeshamtangulia. Akakivuta kiti, akakikalia.

Hakikuwa kitupu. Alikuwa amekalia mapaja, membamba na ya baridi, na pumzi yenye ile harufu ikamjia kisogoni, na vidole asivyoviona vikazama kwenye nywele zake vikavuta taratibu kama vinavyotafuta pa kuanzia kung'oa, na mtoto akaanza kulia akisema usimkalie mama, mama anaumia, naye akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, meno kayauma, akazidi kukaa.

"Hunitoi," alisema. "Miezi tisa nimembeba mimi. Homa zake nimezikesha mimi. Wewe umeitwa kwa maneno ya kuandikiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe hujazaa. Kibibi, nitazame. Yaseme yale maneno, safari hii uniambie mimi."

Mtoto alimtazama. Akatazama nyuma ya bega lake, kisha akamrudia. Alikuwa anachagua, na mama yake hakujua atachaguliwa nani.

"Mama," alisema Kibibi, "kaa hapa na mimi."

"Nimekaa, mwanangu."

"Nimekaa, mwanangu," ikajibu sauti nyingine kisogoni, laini kuliko yake.

Kibibi akatazama nyuma ya bega la mama yake, akatikisa kichwa. "Si wewe."

Kiti kikapasuka, Bi Daftari akaanguka sakafuni, na dirisha likajibamiza wazi ingawa hapakuwa na upepo. Harufu ikaisha. Kibibi alimrukia mama yake akamng'ang'ania shingo.

Mwongozaji alichungulia mlangoni, uso umempauka. "Pole, dada. Tutaleta kiti kingine. Na mama wa tamthilia keshapona, kesho anakuja."

"Tafuteni na mtoto mwingine," alisema Bi Daftari. "Huyu hamwiti mtu mwingine mama, hata kwa kuigiza."

Akambeba bintiye mgongoni, mzito alivyokuwa, akatoka naye kwa mlango wa mbele.